Nilivyofuta orodha ya waliokimbia Eringeti nikitafuta kosa kwenye kernel yangu

Wakuu, wanaostahili shikamoo naomba wapokee, wengine poleni na kazi.

Ninaandika kutoka Butembo, Kivu Kaskazini, Kongo. Haya ni mambo ya miaka ya vita vyetu. Sitaongeza wala sitapunguza. Nimebadilisha majina tu, kwa sababu wahusika bado wapo na tunasalimiana sokoni.

Niliporudi kutoka Arusha na diploma yangu ya kompyuta, watu wa mtaa wetu wa Vulamba walisema mengi.

Walisema mtoto wa muuza maharage hawezi kazi ya mashine. Walisema diploma nimeinunua. Walisema ile kompyuta niliyoivusha mpaka wa Kasindi ikiwa imefungwa ndani ya godoro, nitaiuza kabla ya Noeli ili nipate kula.

Na nilipotangaza kwamba nitaandika kernel yangu mwenyewe, yaani ile programu ya chini kabisa inayoamsha mashine na kuiongoza, Monsieur Ilunga alicheka mpaka akavua miwani.

Monsieur Ilunga alikuwa mwalimu wa hisabati kutoka Kasai. Serikali ilimtuma kwetu kabla ya vita, halafu vita vikamfungia huku bila mshahara. Alikuwa mpangaji wa nyumba ya pili kutoka kwetu.

"Jeune," aliniambia, yaani kijana, "hata Kinshasa hawajafanya hiyo kitu. Wewe na groupe ya kuazima utaiweza?"

Groupe ndiyo jenereta. Umeme wa mji hatukuwa nao.

Niliiweza, wakuu. Ninalisema mapema ili mtu asidhani huu ni uzi wa aliyeshindwa. Baba alifariki nikiwa mdogo, ada nililipa kwa kubeba magunia ya vitunguu mgongoni, Kiingereza nilijifunzia palepale chuoni nikichekwa, na kernel niliiandika bila mwalimu. Katika mji wetu wakati ule sikumjua mwingine aliyefanya hivyo, na bado simjui.

Lakini ninaandika kwa sababu ya kilichotokea njiani.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana humu kuna vijana wanaoanza.

Nilikuwa na tutorial ya kurasa kumi na nne niliyoichapa kwenye internet café siku chache kabla ya kuondoka Arusha. Sikuwa na kitu kingine. Internet Butembo haikuwepo, na hata simu ilikuwa ya kuisikia kwa walioenda Kampala. Ukikwama, umekwama na karatasi zako.

Code ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni bootloader, ndogo sana, inakaa kwenye sekta ya kwanza ya disketi. Kwa wale ambao hamkuwahi kuishika, disketi ni kile kibao chembamba cha plastiki tulichotumia kabla ya flash, na sekta ni kisehemu chake cha baiti 512. Disketi nzima ina sekta 2880.

Mashine ikiwashwa, inasoma sekta ile ya kwanza tu. Bootloader ndiyo inayokwenda kusoma sekta zinazofuata, zenye kernel, kisha inaiachia kernel kazi.

Tutorial yenyewe ilikuwa na matundu. Kwenye ukurasa wa tatu, printa ilikata mstari wa mwisho wenye zile baiti mbili ambazo bila hizo mashine haitambui kwamba disketi inaweza kuiwasha. Siku mbili nilihangaika mpaka nikazipata kwa kuchungulia disketi nyingine inayowaka. Mahali pengine mwandishi aliita function kwa jina moja, na kwenye assembly, lugha ya chini ya mashine, akaiita kwa jina lenye kistari mbele. Nalo nililipata.

Siku skrini nyeusi ilipoandika WAVUKIRE, salamu yetu ya asubuhi kwa Kinande, nilimwita Mama kutoka jikoni.

Alisimama, akafuta mikono kwenye kitenge, akasoma.

"Inasalimia."

"Ndiyo, Mama."

"Bon. Na nini ingine?"

Wakuu, swali hilo lilinichoma. Basi nikaanza kuongeza. Nikaweka menyu. Nikaweka keyboard, ukibonyeza moja inakuonyesha siku za juma, ukibonyeza mbili inakupa maelezo marefu ya mimi ni nani na nimesoma wapi. Kernel ikanenepa.

Halafu ikafa. Ukiwasha, skrini inajaa alama zisizosomeka, kisha mashine inajizima na kujiwasha yenyewe, bila mwisho.

Nikailaumu disketi.

Msinicheke bado. Disketi za Butembo miaka ile zilikuwa zinauzwa moja moja kama vitunguu, zimeshapita mikono kumi, zimekula vumbi la kiangazi. Fundi yeyote angeanza na disketi. Kosa langu halikuwa kuanza hapo. Sikutoka hapo.

Ningeweza kuchukua ile kernel ya zamani ya salamu moja na kuiweka kwenye disketi ileile. Ingewaka, na ningejua disketi ni nzima. Ni jaribio la dakika mbili. Sikulifanya, kwa sababu moyoni nilishaamua kwamba kilichoandikwa na mimi hakina kosa.

Badala yake nikaanza kuazima disketi. Monsieur Ilunga alinipa mbili. Mzee Kambale, mwenye duka la misumari na mabati, alinipa tatu na jenereta. Wengine walinipa moja moja, mpaka zikafika kumi.

Huku kwetu aliyekuazima kitu hakuulizi. Anakusalimia tu, salamu ndefu kidogo kuliko kawaida, na wewe unaelewa. Mimi kila aliyenisalimia hivyo nilimjibu kwamba disketi yake ni mbovu.

"Yangu?" Monsieur Ilunga alisema. "Jeune, disketi zangu ziko bazima. Angalia karatasi zako."

Nilimwona mzee mwenye wivu.

Ya kumi na moja ililetwa na Yaya Masika.

Masika ni binti ya shangazi yangu, mkubwa kwangu, na kwetu mkubwa wako unamwita Yaya. Aliishi Beni, mji wa kaskazini yetu, alikuwa katibu wa kamati ya parokia iliyoshughulikia waliokimbia mapigano upande wa Eringeti. Watu walifika Beni na vyungu kichwani, wakagawanywa kwenye nyumba za wenyeji. Masika aliandika kila familia: jina la mama au baba, watoto wangapi, wametoka kijiji gani, wanakaa kwa nani, mtaa gani.

Daftari za mwanzo zililowa paa la ofisi lilipovuja. Alichoweza kukisoma alikiingiza kwenye kompyuta ya parokia, na orodha yote ikawa kwenye disketi moja, zaidi ya familia mia tatu. Kisha utepe wa wino wa printa yao ukaisha, na kompyuta nayo ikaungua. Akapanda camionnette, yaani pickup ya abiria, Ijumaa, akaniletea nimchapie, maana mimi nilikuwa na printa.

"Ikopie kwanza mu mashine yako," aliniambia akiwa bado mlangoni. "Halafu ndio uchape. Hapana cheza nayo, iko moja tu."

"Yaya, unaongea na mutu wa diploma."

"Ndio maana ninakukumbusha." Kisha akacheka, lakini hakuketi. "Kule parokia kuna papa moja, Kasereka wa Eringeti. Siku ya kukimbia alikuwa shamba. Anatafuta bibi yake Kavira na batoto batatu. Karibu miezi mbili anatembea. Nilimwambia lundi atasomewa liste. Analala pa baraza ya kanisa."

Nikamwambia lundi, yaani Jumatatu, nitaipeleka mwenyewe Beni.

Ijumaa sikuikopi. Nilikuwa na maandalizi.

Maana Jumamosi mchana nilikuwa nimewaita watu dukani kwa Mzee Kambale waje kuona mashine ikiwaka kwa kernel ya mtoto wa Vulamba. Nilimwita kila aliyewahi kusema sitaweza, kwa jina. Walikuja kama ishirini. Wengine waliketi juu ya mifuko ya saruji.

Nikaweka disketi ya kwanza. Alama zisizosomeka, mashine ikajizima. Ya pili, hivyohivyo. Ya tano, hivyohivyo. Alama zilikuwa zinashuka kwenye skrini mistari kwa mistari.

"Tulikuja kuangalia mvua?" Mzee Kambale akauliza. Duka lote likacheka.

"Ni disketi," nikasema. "Hizi mlizonipa zimeoza."

"Zote?" Monsieur Ilunga akauliza. "Kumi zote, jeune?"

Zilipoisha zile kumi, jasho likinitoka, nikafungua mkoba nikatoa ya Masika.

Nataka mjue nilichokuwa nawaza, kwa sababu sikuwa mjinga. Niliwaza: kernel yangu inakaa kwenye sekta za mwanzo tu. Orodha iko mbele huko. Haitaguswa. Nitaichukua baadaye.

Ni kweli orodha ilikuwa mbele. Lakini sekta za mwanzo ndizo zenye jedwali la disketi, linaloeleza faili gani liko sekta zipi na kwa mpangilio gani. Ukilifuta hilo, orodha inabaki kama kitabu kilichofumuliwa uzi na kurasa zake hazina namba. Nilijua. Diploma yangu ina somo hilo, na nilifaulu vizuri.

Nikaandika kernel juu yake. Nikawasha. Mvua ileile.

Hapo kicheko kilikuwa kikubwa kuliko mwanzo. Mtu akaniita "Monsieur Diploma." Hasira zikanipanda, na nikataka kuwathibitishia kwamba disketi ndizo mbovu. Nikarudi kwenye mfumo wa kawaida, nikaagiza format kamili, yaani kufuta na kukagua kila sekta, ya disketi iliyokuwa ndani, ili mashine yenyewe iwaonyeshe sekta zilizoharibika.

Iliyokuwa ndani ni ya Masika. Kwa dakika ile nilikuwa nimesahau. Sina maelezo mengine.

Asilimia zikaanza kupanda. Kumi. Ishirini. Thelathini. Hakuna sekta mbovu hata moja iliyotajwa. Ilipofika thelathini na nne, jenereta ikakohoa mara mbili, ikazimika. Esansi, yaani petroli, imeisha.

"Hata groupe imemukataa!" Mzee Kambale akapiga makofi, na watu wakaanza kutoka wakishikana mabega kwa kucheka.

Nilipoitoa disketi ili nifungashe ndipo nikaona karatasi iliyobandikwa, na mwandiko wa Masika: LISTE, ERINGETI. Nikaketi juu ya mfuko wa saruji.

Jenereta ile niliyoilaani ndiyo iliyookoa theluthi mbili za disketi.

Jumapili baada ya misa nilinunua esansi kwa pesa ya chakula. Mashine haikuitambua disketi kabisa. Kwa hiyo nikaamua kuandika kijiprogramu cha kusoma sekta moja moja, toka ya kwanza hadi ya mwisho, bila kutegemea jedwali, na kuonyesha kilichomo. Kazi hiyo nilishaijua, maana ndiyo kazi ya bootloader. Nikafungua code ya bootloader ili ninakili kipande cha kusoma.

Kuna mstari mmoja unaoiambia mashine isome sekta ngapi. Mwandishi wa tutorial aliweka nane. Kwa kernel yake ya salamu moja, nane zilitosha.

Yangu ilikuwa na sekta kumi na tano.

Nikazihesabu tena. Bootloader ilikuwa inapakia nusu ya kernel, kisha inaruka ndani yake, na kernel ikifika katikati inakuta uchafu wa kumbukumbu. Disketi zote zilikuwa nzima, kumi za majirani na ya Masika.

Nilibadilisha namba moja. Kernel ikawaka, na menyu yake, na maelezo yangu marefu ya mimi ni nani na nimesoma wapi. Nikaizima. Sikumwita mtu.

Kijiprogramu kilinipa vipande. Mwanzo wa orodha ulikuwa umefutika. Kilichobaki ni sekta thelathini na kitu, kila moja na mistari kama saba, na zimetawanyika huku na huku kwa sababu Masika alikuwa akiongeza na kufuta kwa miezi. Sekta ikijaa, mstari unakatika popote ulipofikia, na mwendelezo wake uko kwenye sekta nyingine usiyoijua.

Sasa hapa kuna jambo la kwetu Wanande. Majina tunapewa kwa zamu ya kuzaliwa. Kwa hiyo kila nyumba ina Kambale wake, ina Kavira wake. Kwenye orodha ile akina Kavira walikuwa hawahesabiki. Jina peke yake halikuambii kitu. Linalokuambia ni mstari mzima.

Monsieur Ilunga alinikuta hapo, alisikia jenereta. Sikuwa na nguvu za kumdanganya. Nikamweleza yote. Hakucheka safari hii. Alivuta kiti, akavaa miwani, tukaanza kuunganisha vipande, yeye akisoma mimi nikipanga.

Tukafika kwenye kipande kilichoishia hivi: KAVIRA, batoto 3, mume KASEREKA, Eringeti, anakaa

Basi. Sekta imekwisha.

Vipande viwili vingeweza kufuata. Kimoja kilianza: kwa Mama Soki, Mabakanga. Kingine: Kasugho kwa shemeji yake.

Mabakanga ni mtaa wa Beni, nusu saa kwa miguu kutoka kanisani. Kasugho ni mbali, magharibi ya Lubero, karibu na msitu; wachache walipita Beni wakaendelea kwa ndugu zao huko.

Nikachagua Kasugho. Sababu yangu ilikuwa ya kitaalamu: kipande hicho ndicho kilichofuatana nacho kwenye disketi, sekta baada ya sekta. Nilijua vilevile kwamba kwenye disketi iliyofutwa na kuandikwa mara nyingi, kufuatana hakumaanishi chochote.

"Hapa una uhakika?" Monsieur Ilunga akauliza.

"Nina uhakika."

"Donc, weka alama ya kuuliza, kama huna."

"Monsieur, nimesema nina uhakika."

Akageukia kipande kilichofuata. Mimi nilitaka karatasi safi. Karatasi yenye alama za kuuliza ingemfanya Masika aulize kulikoni.

Nilichapa kurasa sita nzuri. Familia zilizopotea mwanzoni niliziacha tu, nikitumaini hatahesabu mara moja. Jumatatu alfajiri nikapanda camionnette ya Beni. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, mwanajeshi alizishika zile kurasa kichwa chini.

"Oyo nini?"

"Liste ya paroisse, chef."

Akanirudishia. Nikafika.

Masika alikuwa ofisini na watu, akanionyesha kwa kidevu mtu aliyeketi barazani. "Ndiye yeye. Musomee, mimi ninakuja."

Kasereka alikuwa mtu mrefu, kiatu kimoja kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Alisimama nilipomkaribia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikafungua ukurasa, nikamsomea kwa sauti. Kavira, batoto batatu, mume Kasereka, Eringeti, anakaa Kasugho kwa shemeji yake.

"Kasugho?" akasema. "Ndugu yangu iko kule, kweli. Lakini Kavira hapana penda kule."

"Ndivyo ilivyoandikwa, Papa."

Akaifikiria. Kisha akachukua mfuko wake, akanishukuru tena, na kabla Masika hajatoka nje alikuwa ameshaingia barabara ya kusini.

Sikumwambia Masika kitu. Nilikunywa chai yake, nikarudi Butembo.

Wiki ya tatu nikaitwa kwenye phonie, ile radio ya kupelekea ujumbe. Ujumbe ulikuwa mfupi: Kuja Beni. Kavira iko hapa.

Alikuwa amekuja mwenyewe parokiani kuchukua maharage, na watoto watatu, mdogo mgongoni, kuuliza kama kuna aliyemwona mume wake. Alikuwa anakaa Mabakanga, kwa Mama Soki, tangu siku ya kwanza. Siku zote ambazo Kasereka alilala barazani pale, mkewe alikuwa nusu saa kutoka hapo.

Nilimweleza Masika, kuanzia mvua ya dukani mpaka alama ya kuuliza niliyoikataa. Alinisikiliza akiwa ameshika kurasa zangu sita.

"Kwa nini hukuniambia ile lundi?"

"Niliona haya, Yaya."

"Haya ya nani? Kasereka hata hajui kompyuta ni nini."

Nikasema nitamfuata Kasereka huko Kasugho.

Wakati huo mapigano yalikuwa yameziba njia ya Kasugho. Tulituma barua mbili kupitia wachuuzi wa mafuta ya mawese, moja ilirudi. Masika hakunigombeza tena. Alinipa daftari na kalamu ya risasi, akasema nianze na Mabakanga.

Kila Jumamosi nilikwenda Beni. Nyumba kwa nyumba, hodi, jina, watoto wangapi, kijiji gani, unakaa kwa nani. Watu walinijibu kwa subira, ingawa walishayasema hayo yote kwa Masika.

Mama mmoja aliniuliza, "Ile ya kwanza mulifanyia nini?"

"Iliharibika."

"Nani aliharibu?"

"Mimi."

Akanitazama, akaendelea kunitajia watoto wake.

Kasereka alirudi mwezi wa saba tangu aondoke, njia ilipofunguka. Nilikuwepo parokiani. Kavira alikimbia mpaka akapoteza ndala. Watoto wawili wakubwa walimrukia. Mdogo, ambaye alikuwa ndiyo anajifunza kutembea siku ya kukimbia, alijificha nyuma ya kitenge cha mama yake. Kasereka akachuchumaa, akamnyooshea mkono.

Mtoto akamwambia, "Bonjour, Monsieur."

Watu wengine walicheka kidogo, kwa upendo. Mimi nilitoka nje.

Sasa kwa vijana mnaoanza, kabla sijamalizia. Kernel ikifa baada ya kukua, angalieni kwanza bootloader inasoma sekta ngapi. Ijaribuni ile ya zamani kwenye disketi ileile, au siku hizi kwenye flash ileile. Kitu cha mtu kikopi kabla ya kukigusa, hata kama wageni wamekaa. Na mahali usipojua, andika kwamba hujui. Wenye maswali ya code waulize hapa, nitajibu kila mmoja, kazi hii naijua. Wenye kutaka kunisema kwa hayo mengine nao waseme, nitasoma.

Nimalizie na siku ya kurudisha.

Niliagiza disketi mpya, paketi mbili nzima, kwa mfanyabiashara aliyekuwa akienda Kampala. Zilipofika nilizunguka Vulamba kwa siku moja, nyumba zote. Kila mmoja nilimpa yake mpya na nikamwambia mlangoni: yako haikuwa mbovu, nilikusingizia.

Mzee Kambale alipewa tatu na dumu la esansi.

"Nilijua," akasema. "Mais hata hivyo zilikuwa za shemeji yangu."

Monsieur Ilunga alizikagua mbili zake, akaziweka mfukoni, akaniomba nimwonyeshe kernel. Nikamwonyesha. Alibonyeza moja, akasoma siku za juma. Alibonyeza mbili, akasoma habari zangu zote hadi mwisho.

"Bien, jeune. Umeiweza."

Kwa mwaka mzima nilikuwa nikiyatamani maneno hayo kutoka kwake. Nilishukuru, nikawahi camionnette.

Beni nilimkabidhi Masika disketi mbili zenye orodha nzima, na kurasa zilizochapwa. Kulikuwa na alama za kuuliza kumi na moja. Alizihesabu, akatikisa kichwa kwamba sawa.

Wote walionikopesha nilikuwa nimeshawarudishia. Kasereka hakunikopesha kitu. Alikuwa uani, anapigilia bati kwenye lile paa lililovuja. Nikamngoja ashuke, nikamweleza kila kitu, tangu disketi mpaka sekta, mpaka Mabakanga na Kasugho. Sijui alielewa kiasi gani. Alinisikiliza huku akizungusha nyundo mkononi.

Nilipomaliza, akasema bila hasira:

"Mimi nilitaka kukatala. Nilijua Kavira hapana penda Kasugho. Lakini ile siku ulinisomea na sauti ya mutu mwenye anajua."

Akapanda ngazi, akaendelea na bati.